Mshale Unaorudi Nyuma

Iko nchi moja, wala si hii yenu, kwa hiyo msianze kuangaliana, ambayo watu wake wana amani tele na hawaaminiani hata chembe. Ukimsalimu mtu wa huko, kabla hajaitikia atakuuliza umemsalimu kwa nini. Ukimpelekea jirani kikapu cha machungwa atakuomba ule la kwanza wewe. Serikali yao nayo ni sikivu mno. Inasikiliza kila kitu, hasa yale ambayo hayajasemwa.

Humo aliishi Bwana Zuberi Tindwa, Mkaguzi Mkuu wa Picha. Cheo hicho hakukipata kwa kujuana. Alikuwa karani tu katika idara ya kalenda, hana hili wala lile, mpaka siku alipogundua kwamba kwenye kalenda ya Wizara ya Mifugo, mbuzi aliyechapwa chini ya picha ya Kiongozi alikuwa amempa Kiongozi mgongo. Kalenda ilishatundikwa nchi nzima na hakuna aliyeliona jambo hilo. Zikakusanywa zote, mpiga picha akastaafishwa kwa manufaa ya umma, na mbuzi, ingawa alishaliwa zamani, alikemewa rasmi kwenye taarifa ya habari. Zuberi akapandishwa cheo. Akapewa nyumba ya serikali yenye baraza pana, na kioo cha kukuzia chenye mpini wa pembe.

Tangu hapo hakuweza tena kutazama picha kama watu wengine wanavyotazama. Hata albamu ya harusi yake mwenyewe aliikagua.

"Mama Hidaya," alimwita mkewe, "huyu shangazi yako mbona hapa kaangalia pembeni? Alikuwa anamwangalia nani?"

"Alikuwa anaangalia sinia la pilau, Baba Hidaya. Si unajua wapambe walichelewa kula?"

Zuberi akaguna. Shangazi hakualikwa tena nyumbani kwao.

Basi serikali ikanunua ng'ambo programu ya kompyuta iitwayo Mfumo wa Watu Wote. Humo kila mwananchi angeandikwa anapozaliwa, anapooa, anapohama na anapofariki. Programu ilikuja na kitabu cha mwongozo kinene kama tofali, nacho kikatafsiriwa kwa lugha ya taifa. Maneno yalitafsiriwa vizuri sana. Hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyeyasoma. Taabu ilikuwa picha. Picha za skrini zilibaki zilezile za ugenini, na katika kila moja alikuwemo bwana mmoja mwenye ndevu nyekundu, akitabasamu bila kueleza kimemfurahisha nini.

Ikaundwa Kamati ya Kitaifa ya Viwango vya Picha za Miongozo ya Programu Zilizotafsiriwa. Jina lilikuwa refu kiasi kwamba ofisi ilitafutwa kwa kupima upana wa mlango, ili kibao kienee. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Luteka, aliyewahi kuongoza kamati ya mbolea, kamati ya ngoma, na kamati ya kuchunguza kwa nini kamati zimekuwa nyingi. Mpiga picha za skrini alikuwa Bi Rehani, mama mwenye miwani mizito, aliyezoea kutii amri hata kabla haijatolewa. Na jicho la Kamati, bila kupingwa, alikuwa Zuberi.

"Ndugu wajumbe," Mheshimiwa Luteka alifungua kikao cha kwanza, "picha ni nini? Picha ni kitu kinachoonekana! Na kitu kinachoonekana na sisi, adui naye anaweza kukiona! Kwa hiyo tuwe macho, ila tusiangalie sana."

Wajumbe wakapiga makofi, kila mmoja akimtupia mwenzake jicho la pembe aone nani ataacha kwanza. Makofi yalidumu hadi chai ikapoa.

Wakaanza na kile kimkono kinachoelekeza mahali pa kubofya. Zuberi alikiinamia na kioo chake.

"Mkono huu ni wa nani?" akauliza. "Umeishia kwenye kifundo. Mwenyewe haonekani. Mtu anayewaelekeza wenzake huku kajificha ana nia gani?"

Kimkono kikafutwa. Ukaja mshale. Mshale mwekundu ulikuwa rangi ya chama cha upinzani, ambacho hakipo. Wa kijani ulikuwa rangi ya chama tawala, na haikuwezekana kijani ielekeze kwenye neno "Kosa". Wa buluu ulikuwa wa nchi jirani. Baada ya mjadala mkali ukapitishwa mshale mweupe juu ya karatasi nyeupe, na msomaji akaombwa awe na imani.

Ndipo Zuberi alipokiona kile kitufe. Kilikuwa juu kulia kwenye kila skrini, kidogo, chenye mshale uliopinda kurudi ulikotoka, kama mtu aliyefika njiani akakumbuka kuwa hakufunga mlango. Chini yake paliandikwa "Tengua".

Zuberi aliweka kioo mezani taratibu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuuliza. Nchi yetu inaelekea wapi?"

"Mbele!" ukumbi mzima ukajibu.

"Na mshale huu?"

Mjumbe mmoja akaanza kutokwa jasho, wenzake wakamwona, na wao wakaanza kutokwa jasho kwa kuonekana wakimwona. Bi Rehani peke yake ndiye aliyeinua mkono.

"Samahanini. Hicho ni cha mtu akikosea, arudishe kama ilivyokuwa. Tukikiondoa, mtu akikosea afanyeje?"

"Kwani nani atakosea?" Mheshimiwa Luteka akauliza, na sauti yake haikuwa ya kuuliza.

Bi Rehani akafuta miwani yake kwa ncha ya khanga. Kiwango kikapitishwa: kitufe chenye mshale unaorudi nyuma kisionekane katika picha yoyote ndani ya mipaka ya nchi. Siku hiyo Zuberi alirudi nyumbani kifua mbele, akamsimulia mkewe mara mbili.

"Sasa mimi nikitia chumvi kupita kiasi nitafanyaje?" Mama Hidaya akauliza.

"Hiyo ni chumvi. Hii ni sera."

Kikao kilichofuata kilimhusu yule bwana wa ndevu nyekundu. Wajumbe walitaka abadilishwe tu awe mtu wa kwetu, apewe jina la kubuni na tarehe ya kuzaliwa ya kubuni. Zuberi akasimama.

"Mnataka tumwandike mtu ambaye hayupo? Awe na jina, awe na mke, awe na anwani, na asiwepo hata jirani mmoja anayemfahamu? Waheshimiwa, mtu wa namna hiyo kwa kawaida tunamwitaje?"

"Jasusi," wakajibu kwa pamoja, na nywele zikawasimama.

Kwa pendekezo lake kikapitishwa Kiwango cha Ukweli. Kila picha ipigwe ndani ya Mfumo wenyewe, si mahali pa majaribio. Anayeonekana awe mwananchi halisi, macho wazi, aliyeridhia kwa saini yake. Jambo linaloonyeshwa liwe limetokea kweli. Na Mfumo na picha visitofautiane hata kwa kitufe kimoja. Picha itakayobainika kuwa ya uongo itaondolewa mara moja, na aliyekaa kupigwa picha hiyo atajibu mashtaka.

Kazi ikaanza kwa ari. Kwa sura ya kusajili mtoto, Bi Rehani alikaa nje ya wodi ya wazazi na kompyuta mapajani. Kwa sura ya ndoa, walichukuliwa Bwana Kheri na Bi Mwanaheri wa idara ya uhasibu, wasiojuana zaidi ya kuazimana kalamu, wakafungishwa ndoa kabla ya chakula cha mchana. Ajabu ni kwamba walipendana. Lakini sura iliyofuata ilikuwa ya talaka, na picha ilihitajika. Walitengana mbele ya Kamati wakilia kwa sauti, na kwa kuwa "Tengua" haikuwepo, hadi leo wanaazimana kalamu tu. Mzee mmoja wa masjala alihamishiwa mkoa wa mbali kabisa ili ukurasa wa kubadili anwani uwe wa kweli.

Wakafika sura ya saba: Jinsi ya Kumwandika Marehemu.

Hapo kazi ikakwama. Waliokufa walikuwepo wengi, lakini hakuna aliyekubali kuridhia kwa saini, na macho yao yalikuwa kinyume cha kiwango. Ilibidi apatikane mtu aliye hai. Mheshimiwa Luteka akawatazama wajumbe, nao wakatazama viatu vyao.

"Taifa linaomba picha moja tu," akasema. "Asiyetaka kufa kwa ajili ya nchi yake kwa dakika chache, anaihifadhi roho yake kwa ajili ya nchi gani?"

Kwa swali kama hilo kila mtu pale ndani akawa mshukiwa.

"Hatumlazimishi mtu," Mheshimiwa akaendelea kwa upole. "Tunamtaka yule tu ambaye hatuna shaka naye hata kidogo."

Vichwa vyote vikamgeukia Zuberi. Aliona wazi kwamba akikubali amekufa, na akikataa atatamani angekubali. Akaweka saini, akakaa kwenye kiti mbele ya kamera. Bi Rehani akaandika jina lake, akabofya hapa, akabofya pale. Kamera ikamulika, na pembeni ya sura yake kwenye skrini likatokea neno "Marehemu" kwa herufi za kupendeza.

"Picha safi," Mheshimiwa Luteka akasema, akapiga makofi.

"Nashukuru," Zuberi akasema. "Sasa, Bi Rehani, nirudishe."

Bi Rehani alivua miwani, akaivaa tena.

"Nikurudishe kwa kitufe gani, Bwana Tindwa? Mlisema kisionekane kwenye picha. Halafu mkasema Mfumo na picha visitofautiane. Mafundi walikiondoa kwenye Mfumo wiki ile ile."

Zuberi alimtazama kwa shuku kubwa. Alihisi kuna mkono wa mtu katika jambo hili. Hakupata kuhisi kuwa ni wake.

Wiki chache baadaye wajumbe wa Kamati walifika nyumbani kutoa rambirambi. Zuberi mwenyewe aliwafungulia mlango, akawakaribisha barazani, akawamiminia chai. Mheshimiwa Luteka alisimama, akamwekea mkono begani, akahutubia.

"Marehemu alikuwa mtu wa watu! Alikuwa mchapakazi, mnyenyekevu, mwenye jicho kali na moyo laini! Pengo lake halizibiki, na tayari tumeshampata wa kuliziba!"

Zuberi alisikiliza kwa makini. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kusikia mtu akimsifu hivyo, na akaanza kujiuliza huyo aliyekuwa akisifiwa alikuwa nani hasa, na alizipataje sifa hizo zote bila yeye kujua.

"Pole sana, mama," wajumbe wakamwambia Mama Hidaya.

"Pole ya nini? Mtu mwenyewe si huyu hapa, kashika birika!"

"Ndiyo hali ya wafiwa," Mheshimiwa akawaeleza wenzake. "Huchukua muda kukubali." Kisha akashusha sauti. "Na kuhusu nyumba, mama. Unajua nyumba hii ni ya mkaguzi, na mkaguzi ni lazima awe hai. Mwisho wa mwezi utatukabidhi ufunguo."

Mama Hidaya aliangalia baraza aliyoifagia kila asubuhi, akaangalia mumewe, akaangalia tena baraza. Majirani waliokuja na mikeka walikaa wakimsubiri alie. Waliposubiri wakachoka, wakaanza kunong'ona.

"Mjane gani halii? Huyo anajua kitu."

"Nimlilie mtu aliyetoka kuniuliza sukari iko wapi?" Mama Hidaya akafoka, akawakusanyia mikeka yao. Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Hidaya, vaa viatu. Twende huko ofisini kwenu wakakufufue."

Ofisi ya Mfumo wa Watu Wote ilikuwa imejaa, lakini foleni ilijigawa kuwapisha. Watu walimjua. Kitabu cha mwongozo kilikuwa kimesambazwa kila wilaya, na sura ya saba ilikuwa ndiyo inayofunguliwa kuliko zote. Karani wa dirishani, kijana wa adabu, alisimama alipomwona.

"Shikamoo, marehemu."

"Marahaba," Zuberi akaitikia, kisha akajuta. "Mwanangu, mimi si marehemu."

"Nakufahamu vizuri sana, mzee wangu. Nakuona kila siku ya kazi." Akafungua kitabu, akakigeuza awaoneshe. "Si ndiyo wewe huyu?"

"Ndiyo mimi."

"Basi si umeona kilichoandikwa hapo pembeni?"

Mama Hidaya aliegemea dirisha. "Mwanangu, achana na kitabu. Mwangalie. Anapumua."

"Naona, mama, na namwombea aendelee. Lakini kupumua hakuna mahali pa kubofya." Kijana alisikitika kweli, ilionekana usoni. "Nikibofya hapa, mtu anakufa. Pa kumrudisha hakuna. Picha haioneshi, na kisichoonekana kwenye picha sisi haturuhusiwi kukifanya. Ni kiwango hicho. Sijui kilitungwa na nani."

Zuberi aliangalia sakafu.

Mama Hidaya hakukata tamaa. Asubuhi kwa asubuhi alimshika mumewe mkono akaenda kukaa naye mlangoni pa Kamati, chini ya kile kibao kirefu, akimsalimu kila mjumbe kwa jina na kumuulizia watoto wake. Hilo liliwatia hofu wajumbe wote. Mama anayekusalimu vizuri hivyo ana la kwake moyoni. Hatimaye Mheshimiwa Luteka aliitisha kikao maalumu, na mama akaruhusiwa kukaa benchi la nyuma.

"Jambo ni jepesi," Mheshimiwa akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya binadamu. "Ikithibitika kwamba aliye kwenye picha ndiye huyu anayesimama hapa, basi picha ni ya uongo, maana huyu hajafa. Picha ya uongo kiwango kinataka iondolewe. Ikiondolewa, Mfumo nao utabadilishwa, kitufe kitarudi, na huyu atakuwa hai. Kinachotakiwa ni mkaguzi wa picha athibitishe. Mpya bado hajaapishwa. Mwenye jicho hilo nchini ni mmoja tu."

Wakamvutia Zuberi kiti. Wakamwekea kitabu mbele yake, kimefunguliwa sura ya saba. Wakamrudishia kioo chake chenye mpini wa pembe. Alichotakiwa kusema yalikuwa maneno mawili tu: ni mimi. Alikuwa ameyafanyia mazoezi njia nzima, na mkewe alikuwa amemsikiliza.

Alifungua mdomo. Lakini kioo kilikuwa mkononi, na mkono ulikuwa na mazoea yake. Akainama kidogo tu, mara moja, kwa kuhakikisha.

Aliona mtu wa makamo, kola imekaa vizuri, midomo imebanwa. Halafu akaona macho. Hayakuitazama kamera. Yalikuwa yameelekea juu, kulia, kwenye ile pembe tupu ambapo zamani palikuwa na kitufe chenye mshale uliopinda. Mtu huyu, katika dakika ile ile ya kulitumikia taifa, alikuwa akitafuta njia ya kurudi. Alikuwa ameweka saini ya kuridhia, na macho yake hayakuridhia. Mbuzi alikemewa kwa kosa dogo kuliko hili.

"Bwana Tindwa?" Mheshimiwa akaita.

Alijaribu kujikumbuka akikaa kwenye kiti kile. Akakumbuka sifa alizosomewa barazani, mnyenyekevu, mwenye moyo laini, na hakuna hata moja iliyofanana na huyu. Na kama angesema ni mimi, je, si angekuwa amekiri kuketi apigwe picha ya uongo? Nani angemtuma mtu aseme hivyo? Akageuka akamwona mkewe benchi la nyuma, amejiinamia mbele, midomo ikimwongoza kimyakimya. Mbona alikuwa na hamu kiasi hicho?

"Baba Hidaya!" Mama Hidaya akashindwa kujizuia. "Sema ni wewe! Sema tu, mume wangu, twende nyumbani!"

Zuberi akaweka kioo mezani, taratibu, kama alivyofanya siku ya mshale.

"Waheshimiwa," akasema, "mtu huyu simfahamu. Na kwa jinsi anavyoangalia, simwamini."

Wajumbe wakasimama wote wakampigia makofi marefu, kwa maana jicho lilikuwa halijazeeka hata kidogo. Mheshimiwa Luteka akagonga muhuri ukurasani, akasema kwa uchungu wa kweli kwamba hakika taifa limepoteza mkaguzi.

Na kwenye benchi la nyuma Mama Hidaya, ambaye tangu mumewe aandikwe marehemu hakuwahi kudondosha chozi, alijifunika khanga usoni akaanza kulia.